Nyayo za Kuingia Tu

Kwa Gaudensia, mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana tangu juzi unaniamkia huku unatazama pembeni, na mimi naitikia huku natazama ng'ombe. Hapa kwenye karatasi tutazamane.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Uisome kesho asubuhi kabla hujashika simu. Nimekusikia leo ukimwambia rafiki yako kwamba kukicha utampigia mkuu wako wa kituo, umwambie nafasi yako ya kozi ya upelelezi apewe mwingine, kwa sababu baba huwezi kumwacha peke yake. Nimesikia vizuri. Masikio yangu hayajazeeka, kilichozeeka ni magoti tu. Sasa mimi nasema utakwenda. Na kwa kuwa nikisema kwa mdomo tunagombana, nasema kwa kalamu, haina sauti ya kupandisha.

Usishangae mwandiko. Nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema hajawahi kuona mtu mzima anayeshika haraka namna ile. Wenzangu walikuwa wanaandika kama wanachimba mihogo. Mimi niliandika jina langu siku ya kwanza. Lilikosewa kidogo, lakini lilikuwa refu kuliko yote.

Sitakwambia mambo ya sabuni na soksi. Ulikwenda depo ya mafunzo ya polisi ukarudi na kofia, umesindikiza mabasi kwenye msitu wetu huu ukiwa na bunduki mapajani, kufunga begi utajua. Nataka kukwambia juu ya nyayo.

Unajua kwamba kabla yako, polisi wa ukoo huu nilikuwa mimi. Cheka. Sare sikuvaa, lakini nilikuwa kamanda wa sungusungu, na kutoka hapa Nyantakara hadi kuingia Ngara hakuna ng'ombe aliyeibwa nikakosa kujua alipitishwa wapi. Nilikuwa nasoma mguu wa mtu kama wewe unavyosoma ujumbe kwenye simu. Huyu anakanyagia kisigino, huyu amebeba mzigo begani, huyu amelewa na anajifanya hajalewa. Wasukuma wenye mifugo mingi walikuwa wanatuma watu kuja kuniita, na walikuwa wananipa kigoda.

Afande Mashaka alipoletwa kuwa polisi wa kata, alitukusanya sungusungu wote nyuma ya ghala la mazao, akasema atatupa mafunzo. Nilikaa mbele, mikono nimekunja, najiuliza kijana mwenye shingo nyembamba vile atanifundisha nini mimi. Alichinja mbuzi, akamlaza kwenye nyasi, akazungusha kamba kwenye miti. Akasema mbuzi huyu ni marehemu, hapa ndipo alipouawa, ndani ya kamba haingii mtu wala hagusi mtu mpaka wapelelezi wafike. Akaniachia ulinzi kwa sababu mimi ndiye kamanda, akapanda kilimani kutafuta mtandao apige simu.

Alichelewa. Jua likawa kali, nzi wakaja, nikaona nyama nzuri inaharibika mbele ya wanaume wenye njaa. Nikatoa amri. Aliporudi alikuta tumebakiza kichwa na kwato. Alitazama moto, akatutazama midomo, akaniambia, "Kamanda, umemla marehemu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alinivuta pembeni akasema taratibu kwamba siku ya kweli ikija nitafanya vilevile, maana kila ninachokiona nadhani ni changu kukiweka sawa. Nilimjibu kwamba siku ya kweli haitakuwa na mbuzi.

Ilikuja, na wewe ulikuwapo, ulikuwa bado shule ya msingi. Lakini nikusimulie ilivyokuwa machoni mwangu, maana wewe muda mwingi ulikuwa umeinama.

Mjomba wako Philipo, mdogo wake mama yako, alikuwa analala chumba cha pembeni. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, hata zizi sikuliona. Nilisikia redio yake inaongea, nikamwita aizime asimalize betri. Redio ikaendelea. Nikaenda, nikakuta mlango wazi. Kitanda kimetandikwa. Shati liko kwenye msumari. Viatu viko chini ya kitanda, vimepangwa, ncha zinatazama ukuta. Na redio inasoma salamu, fulani wa kule anamsalimu fulani wa huku, ndani ya chumba kisicho na mtu. Nilisimama pale mlangoni kana kwamba wanasubiri nijibu. Mpaka leo redio inayoongea peke yake siiwezi. Wewe unadhani nazima yako kwa ubahili.

Uwanjani kulikuwa na nyayo. Nyingi, zimepishana, udongo ulikuwa umelowa. Lakini mimi niliona moja tu. Mguu mtupu, mpana, kidole kidogo kimelala upande. Ulitoka njia ya msituni, ukakatiza uwanja, ukafika mlango wa Philipo. Za kuingia zilikuwapo. Za kutoka sikuziona.

Nikasema ni Bahati. Jirani yetu huyo alikuwa na mguu mpana, na muda mfupi kabla alikuwa amekorofishana na Philipo kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye maharage. Kichwani mwangu kesi ilikuwa imekwisha. Nikapiga filimbi, watu wakajaa, na habari ikaja kwamba gari la polisi linatoka wilayani na wakubwa wamo ndani.

Ndipo nikakuita nikakwambia ufagie uwanja.

Unajua kwetu. Mgeni wa serikali hawezi kuja kukanyaga majani na mavi ya kuku, arudi akaseme nyumba ya kamanda ni chafu. Na wewe mama yako alikufundisha kufagia kinyumenyume, unarudi nyuma na ufagio unakuja mbele yako, ili hata unyayo wako mwenyewe usibaki. Ulifagia vizuri sana. Ulipomaliza palibaki mistari ya ufagio tu, na wanawake wakakusifu mbele ya mama yako, ambaye alikuwa amekaa chini analia.

Mpelelezi alishuka kwenye gari, akauliza nyayo ziko wapi. Nikamwambia, "Ziko kichwani mwangu, afande." Nilisema kwa fahari, kila mtu asikie. Aliutazama uwanja muda mrefu, kama mtu aliyefika msibani akakuta wamekwisha kuzika.

Yaliyofuata unayajua. Bahati alichukuliwa kwa maneno yangu, akakaa ndani, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Alirudi akakuta salamu yake haiitikiwi, hata na watoto, akahamisha familia yake kwenda kando ya ziwa. Philipo hakuonekana, hai wala maiti. Mama yako alikataa misa ya marehemu. Alisema hawezi kumwombea mdogo wake kama mfu wakati hakuna aliyemwona amekufa. Alikuwa akimwekea chakula Krismasi, na hakuna aliyethubutu kukila.

Mimi najua umeingia polisi kwa sababu ya ufagio ule. Hujawahi kusema, lakini nimekuona unavyoupita ukiwa umeegemezwa ukutani. Sikiliza. Mkono ulikuwa wako, ufagio haukuwa wako. Amri inabebwa na aliyeitoa. Najua huko mnafundishwa hivyo, na kama hawafundishi, waambie mimi ndiye nimesema.

Sasa nije kwenye haya ya juzi.

Mama yako tulimzika masika yalipoanza. Matanga yakaisha, watu wakaondoka, uwanja ukabaki wetu wawili. Na asubuhi moja ukaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, ya kikazi kabisa. "Baba, njoo utazame, lakini usikanyage."

Nikatazama. Mguu mtupu, mpana, kidole kidogo kimelala upande. Umetoka njia ya msituni, umekatiza uwanja uliofagiwa jana yake, umefika mlango wa chumba cha Philipo. Za kuingia tu. Na mbwa hakuwa amebweka.

Nikakwambia Bahati amerudi. Ukasema, taratibu, kwamba Bahati alifariki huko ziwani, taarifa zilipita kituoni kwenu na ulikuwa hujapata namna ya kuniambia.

Nilikaa chini. Mimi ambaye nimekaa porini na fisi wananuka karibu, nilikaa chini kwenye kizingiti. Siku ile sikwenda hata kukama. Nilisema moyoni, amekuja kunidai salamu ambazo hatukumwitikia.

Wewe hukuogopa mfu. Ulichukua karai ukafunika unyayo mmoja, mkubwa, uliotulia vizuri, ukaweka na jiwe juu. Ukasema hapo asiguse mtu. Kesho yake nyayo zikaja tena, zikazunguka karai, kama mtu anayeona gizani. Mbwa akaenda akalala na kidevu chake juu ya karai lile, macho nusu, kama anavyolala kwenye miguu yangu mimi. Uliona hilo. Nilijua umeliona, kwa sababu ndipo ulipogeuka ukaniuliza lile swali.

"Baba, asubuhi ile ya mjomba, kabla hujapiga filimbi, ulikuwa umevaa viatu?"

Nilikutuma ukatazame ndama. Ndama hakuwa na shida yoyote.

Ulipokwenda kazini nikaondoa jiwe, nikafunua karai. Nilikaa pale mpaka kuku wakanizoea. Halafu nikavua ndala nikaweka mguu. Uliingia kama unavyoingia kwenye ndala hiyohiyo. Kidole kidogo nacho kikalala kwenye kishimo chake. Gauda, niliogopa kuutoa, maana nilihisi kuna mtu mwingine amesimama ndani ya mguu ule kabla yangu na bado hajaondoka.

Kwa hiyo jibu ni hili. Sikuwa nimevaa viatu. Usidhani umenishinda, nusu ya kitongoji walikuwa miguu mitupu asubuhi ile. Lakini sikuwa nimevaa. Na nimekuwa nikijiuliza imekuwaje, mimi, msomaji wa miguu, nisiutambue wangu. Ni rahisi tu. Miguu ya watu niliijua kwa kutembea nyuma yao. Nyuma yangu mwenyewe sijawahi kutembea.

Basi nikajipima, kwa sababu mimi si mtu wa kuambiwa. Jana nilijifunga mguu kwenye kitanda kwa kamba ya ndama, fundo ambalo hata ng'ombe dume halifungui. Asubuhi nyayo zilikuwapo uwanjani. Na kamba ilikuwa imekunjwa vizuri, imetundikwa kwenye msumari, imekunjwa kwa namna ninayokunja mimi peke yangu katika nyumba hii. Chini ya miguu yangu kulikuwa na udongo mwekundu. Uwanja wetu ni udongo mweusi. Mwekundu uko kule msituni tu.

Za kutoka hazionekani kwa sababu natokea mlango wa nyuma, kwenye migomba, na pale tumetandaza nyasi. Halafu narudi kwa mbele, kupitia chumba cha Philipo chenye mlango wa ndani, kama mgeni.

Kuna jambo jingine nimelielewa sasa. Baada ya Philipo kupotea, mama yako alianza kufunga mlango wa nyuma kwa kamba kila alipokwenda kulala, mafundo juu ya mafundo. Nilimcheka miaka yote. Nilikuwa namwambia, mke wangu, fisi hajui komeo, kamba ya nini. Alikuwa ananitazama tu, anamalizia fundo la mwisho, anazima taa. Sasa hayupo wa kufunga. Sijui aliona nini, na sijui alikuwa ananizuia nisiende wapi. Alikaa nalo peke yake akiwa amelala pembeni yangu, na mimi nikijisifu kwamba nyumbani kwangu hakuna siri.

Huko uendako watakufundisha kumwaga plasta kwenye unyayo na kupiga picha na rula pembeni. Jifunze yote, usijifanye unajua kwa sababu baba yako alikuwa anajua. Mimi nilikuwa najua kweli. Ndiko kulikoniponza. Uwanja ulikuwa umejaa nyayo na nikasoma ule mmoja tu niliodhani naufahamu. Zile nyingine, ambazo labda zilikuwa za Philipo mwenyewe anatoka, labda za mtu mwingine kabisa, sikuzitazama hata kwa kujifurahisha. Siku ukifika mahali penye jambo, akajitokeza mzee mmoja, kifua mbele, anasema mimi nimekwisha kumjua aliyefanya, msikilize. Mwite mzee. Mpe kigoda. Halafu mwombe avue viatu.

Na watakapokupandisha cheo, maana watakupandisha, wewe ni damu yangu, kuwa mwangalifu na watu wanaokusifu. Siku ile wanawake walikusifu kwa kufagia, na mimi walinisifu kwa filimbi. Hakuna aliyetukataza. Mtu mmoja tu alikuwa amenikataza, tena mapema, yule kijana wa shingo nyembamba, na nilimlisha nyama ya mbuzi wake mwenyewe.

Sasa hilo la kuniacha peke yangu. Sitabaki peke yangu. Shangazi yako Imakulata anakuja kesho kutoka Kibimba. Ndiyo, huyohuyo niliyemwambia kwenye matanga kwamba hatakanyaga hapa tena, kwa sababu alinikatiza mbele ya watu nilipokuwa nasimulia habari zangu, eti kaka, leo tumekuja kwa ajili ya marehemu. Nimempigia kwa simu ya jirani. Akaniuliza, "Kwa hiyo kamanda siku hizi anaogopa kulala?" Nikamwambia kamanda haogopi, kamanda anataka shahidi. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akauliza nimwandalie chumba gani. Nikamwambia cha Philipo. Hakucheka tena, lakini hakusema haji.

Nimekwisha kumpa maagizo. Nikiinuka usingizini, asiniamshe. Asinifungie mlango. Anifuate kwa mbali, na tochi aiwashe ikielekea chini. Nikisimama, asimame. Mahali nitakapokaa muda mrefu auvunje mti tawi moja kwa alama, arudi, aseme nami nikishakunywa uji. Miguu yangu inakwenda mahali kichwa changu hakijawahi kufika, au kilifika kikakataa kukumbuka. Nataka kujua ni wapi.

Najua unachokifikiria na hutaki kukitamka kwa baba yako. Na mimi nimekifikiria. Nimekaa nacho leo kutwa nzima nikikata nyasi za ng'ombe. Sikumbuki kugombana na Philipo. Sikumbuki kutoka nje asubuhi ile kabla ya redio. Naukumbuka ukungu tu, na kwamba nilipofika mlangoni kwake miguu yangu ilikuwa tayari ina baridi.

Ndiyo maana ukikaa hapa kunilinda hutanisaidia. Utakuwa binti anayefunga mlango kwa kamba, kama mama yako, na mahali pale patabaki hivyo mpaka nife. Mimi sitaki kamba. Nataka mtu aliyefundishwa. Nenda uifanye kozi mpaka mwisho, na mahali pale hapataguswa na mtu mpaka urudi. Imakulata nimemwapisha, na unajua yeye akiapa kwa Bikira Maria hafunui hata sufuria.

Watasema mtu hawezi kumpeleleza baba yake. Sawa, huenda ndiyo sheria. Basi usimame pembeni, uhakikishe wenzako wanafanya inavyotakiwa. Mkimkuta mjomba wako, mfunike kwanza na kanga ya mama yako, ile ya kijani.

Hapana. Pigeni picha kwanza. Kanga baadaye.

Na mkikuta chochote kinachosema ni mimi, kiandikwe hivyohivyo kilivyo. Usije kuniuliza pembeni kwa sauti ya chini kama mtoto wangu. Njoo na sare, simama mlangoni, niite kwa majina yangu yote. Nitatoka nikiwa nimevaa viatu.

Gari halisubiri. Amka.

Baba yako,
Stanslaus